Mtego wa Atomi kwa Bei ya Probox

Kuna sentensi moja ambayo imenichosha masikio: "Hiyo ni sayansi ya nchi tajiri." Husemwa kwa upole, mara nyingi na mtu aliyeshika kikombe cha chai ya saa nne katika kongamano lenye neno "kwanta" kwenye bango lake. Anamaliza chai, anarudi ukumbini, anatuonyesha picha ya kompyuta ya rangi ya dhahabu inayoning'inia kama taa ya hoteli, na jioni anatia sahihi fomu ya posho. Mwaka ujao atakuja tena na slaidi zile zile.

Haya wadau, leo hakuna mambo ya PHP wala ya seva. Leo nataka tugombane kuhusu atomi, na hasa kuhusu ufundi wa kuzikamata kwa mwanga. Mimi si mwanafizikia. Digrii yangu ni ya sayansi ya kompyuta na mkate wangu unatokana na kuandika programu. Lakini nimekuwa nikiisoma kazi hii jioni baada ya shughuli zangu, hapa Nchiru, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumedanganywa kuhusu bei yake na kuhusu ni nani anayeruhusiwa kuigusa.

Tuanze na kitu chenyewe, maana hatuwezi kugombania tusichokielewa.

Atomi ya rubidi, ambayo ndiyo kipenzi cha maabara hizi, ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba hukimbia karibu mita 270 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa ndege ya abiria. Joto ndilo hizo mbio zenyewe. Ukitaka kuipoza atomi, ipunguze mwendo. Na ukitaka kuipunguza mwendo bila kuigusa (maana ukuta wowote utakaoigusa una joto lake), irushie mwanga.

Mwanga husukuma. Msukumo wenyewe ni mdogo sana: fotoni moja ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 ikimezwa na atomi ya rubidi hubadilisha mwendo wake kwa milimita 6 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu ya haraka unahitaji fotoni kama 45,000 kuisimamisha. Zinaonekana nyingi, lakini atomi hiyo inaweza kumeza na kutema fotoni zaidi ya milioni 10 kwa sekunde moja, kwa hiyo kazi yote huisha ndani ya milisekunde chache. Ukipepesa jicho, umechelewa.

Ujanja uko kwenye kuhakikisha kwamba mwanga unaisukuma atomi inayokuja, unaiacha inayokwenda. Hapa simama kando ya barabara ya Meru kwenda Maua usikilize matatu inayopiga honi huku ikija: sauti iko juu. Ikishakupita, sauti inashuka. Atomi nayo husikia mwanga hivyo hivyo. Ukiiweka leza yako chini kidogo ya masafa ambayo atomi inayapenda, atomi inayoukimbilia mwanga itausikia umepanda mpaka pale inapopenda, itaumeza, itasukumwa nyuma. Inayokimbia kwa upande mwingine itausikia umeshuka zaidi, na haitaushughulikia. Weka miali sita, kutoka juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma, na kila atomi inakoelekea inakutana na uji mzito. Ongeza koili mbili za waya wa shaba zenye umeme unaozunguka kinyume, zikupe uga wa sumaku ambao ni sifuri katikati na unakua ukienda pembeni, na sasa atomi hazipunguzi mwendo tu, zinarudishwa katikati kila zikitaka kutoroka. Unapata kawingu kadogo kanakong'aa, katikati ya chupa ya kioo isiyo na hewa, kenye joto lisilofika hata sehemu ya elfu moja ya nyuzi juu ya sifuri kamili.

Mtego huo ulifanya kazi mara ya kwanza mwaka 1987. Mwaka 1997 Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kupoza na kunasa atomi kwa leza. (Najua kuna atakayerukia kusema Cohen-Tannoudji alizaliwa Constantine, Algeria, mwaka 1933, na kwamba Serge Haroche aliyepata Nobel mwaka 2012 alizaliwa Casablanca. Ni kweli. Wote wawili walifanya kazi yao Paris. Cheti cha kuzaliwa hakijengi maabara.)

Mtego wa pili ni kibano cha mwanga. Huu ni wa Arthur Ashkin, aliyeanza kuchezea wazo lake mwaka 1970 na kupewa Nobel mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 96. Hapa leza haikaribii masafa ambayo atomi inayapenda. Inakaa mbali, upande wa chini, na kazi yake ni kuivuta atomi kuelekea mahali mwanga ulipokolea zaidi, kama vile sumaku inavyovuta vumbi la chuma. Ukiukusanya mwanga kwa lenzi nzuri mpaka ukawa nukta ya upana wa mikromita moja hivi, nukta hiyo inashika atomi moja. Moja! Unaweza kuisogeza huku na huku kama nukta kwenye skrini. Lakini kibano ni dhaifu, kwa hiyo lazima kwanza atomi zipozwe na ule mtego wa kwanza. Nusu ya nyuzi tu juu ya sifuri kamili, na atomi inaruka nje kama chura.

Ukiiweka leza upande wa juu wa masafa badala ya chini, mambo yanageuka: atomi inaukimbia mwanga. Sasa ili uikamate unahitaji tundu la giza lililozungukwa na mwanga pande zote. Hapo ndipo lenzi za kawaida zinapoishiwa maarifa. Wanatumia lenzi yenye umbo la pia, au bamba linalosokota mwanga kama parafujo, ili katikati ya mwali kubaki giza. Faida yake ni kwamba atomi inakaa gizani kwa utulivu, haisumbuliwi na mwanga ule ule unaoishika. Nilipoelewa hili nilicheka peke yangu. Ukuta wa jela ni mwanga na chumba cha mfungwa ni giza.

Sasa bei.

Mwaka 1995 Carl Wieman na wenzake wawili huko Colorado walichapisha makala katika jarida la walimu wa fizikia la Marekani wakieleza namna ya kujenga mtego wa rubidi kwa ajili ya wanafunzi wa digrii ya kwanza. Gharama waliyoitaja: chini ya dola 3,000. Tena walisema wazi kwamba hauhitaji ujuzi wa kuchonga vyuma wala wa kupuliza kioo. Ni Wieman yule yule ambaye mwaka huo huo, pamoja na Eric Cornell, alitengeneza hali mpya ya maada iliyowapa Nobel ya mwaka 2001. Yaani mtu aliyekuwa kileleni mwa fani alikaa chini akaandika maelekezo ya upishi kwa ajili ya watoto wa chuo. Hayo maelekezo yana zaidi ya miaka 30 sasa. Hiyo "sayansi ya nchi tajiri" ilishaandikiwa risiti kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Iliwezekana kuwa rahisi hivyo kwa sababu moja ya kuchekesha. Kicheza CD husoma kwa leza ya nanomita 780. Rubidi humeza mwanga wa nanomita 780.24. Ni bahati tu, hakuna aliyepanga. Dunia nzima ilikuwa inasikiliza CD, viwanda vikafyatua diodi hizo kwa mamilioni, bei ikaanguka, na wanafizikia wakaokota. Zile mashine za CD zilizolala kwenye mafungu ya vyuma chakavu nyuma ya vibanda vya mafundi wa redio, ndani yake kuna ukoo wa kifaa kilichofungua fani nzima. (Tafadhali usikimbilie kufungua uchungulie. Mwanga huo karibu hauonekani kwa jicho, jicho halijui kujifumba, na ukishachoma retina hakuna fundi wa kuirudisha. Itazame kwa kamera ya simu.)

Nisiwadanganye lakini. Dola 3,000 za mwaka 1995 ni zaidi ya dola 6,000 za leo, na diodi ya CD pekee haitoshi. Lazima uifunge kwenye fremu yenye kioo cha michirizi kinachorudisha sehemu ya mwanga ndani yake ili itulie kwenye rangi moja. Lazima joto lake lidhibitiwe kwa ukali, na umeme wake usiyumbe. Lazima uifungie kwenye masafa ya rubidi yenyewe kwa kutumia chupa ndogo ya mvuke wa rubidi. Unahitaji leza ya pili, kwa sababu baadhi ya atomi huteleza zikaingia hali nyingine iliyo umbali wa gigahezi 6.8, na zikishafika huko hazisikii tena leza ya kwanza. Ya pili kazi yake ni kwenda kuzirudisha nyumbani. Unahitaji chumba cha ombwe na pampu ya ayoni, na hivi ndivyo vinavyokula pesa. Tuseme ni mara mbili ya makisio. Bado tunazungumzia Probox moja ya mkono wa pili, yenye kilomita nyingi na kiti cha nyuma kilichochanika. Angalia maegesho ya ofisi yoyote ya umma katika kaunti yoyote, hesabu magari makubwa, kisha uniambie tena habari ya nchi tajiri.

Na koili? Nenda kwa fundi yeyote anayesuka upya nyaya za mota za pampu za maji pale mjini Meru. Mpe kipenyo, mpe idadi ya mizunguko. Atakusukia zote mbili kabla ya chakula cha mchana, na atazisuka vizuri kuliko mwanafunzi wa uzamili, kwa sababu yeye akikosea mteja hurudi na rungu.

Lililobadilika zaidi tangu mwaka 1995 ni upande wa lenzi na vioo, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Miali sita maana yake ni meza iliyojaa vioo, kila kimoja kikiwa na skrubu mbili za kurekebisha. Mtu akigonga meza, siku imekwisha. Huo ndio ugumu uliowatisha watu. Mwaka 1996 kikundi cha Korea Kusini kilionyesha kwamba ukitumia kioo chenye umbo la piramidi tupu na kuumulika kwa mwali mmoja, kuta zake zinakutengenezea miali mingine yote. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, na wenzao wakaenda mbali zaidi: waliibapisha hiyo piramidi ikawa kipande bapa chenye michirizi myembamba iliyochorwa juu yake, kidogo kama sarafu. Mwali mmoja unashuka, michirizi inaupasua na kuurudisha kwa pembe zinazotakiwa, na atomi zinajikusanya juu ya bamba. Mwaka 2020 kikundi kingine kikachapisha mtego uliotumia uso wenye vinguzo vidogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe. Meza ya vioo imekuwa bamba. Na bamba ni kitu unachokichora kwenye kompyuta, unatuma faili kiwandani, wanakuchapia.

Nani hapa kwetu anajua kuchora kitu kwenye kompyuta na kutuma faili? Sisi! Tunafanya hivyo kila siku kwa bodi za saketi. Hii kazi inazidi kuhamia kwetu watu wa programu, na bado tumekaa pembeni tukisema si yetu.

Chukua vibano vingi. Ukitaka vibano mia, hutengenezi lenzi mia. Unachukua kibapa cha fuwele za kimiminika, ndugu wa kile kilichomo ndani ya projekta, unakipa picha inayochelewesha mwanga kidogo hapa na pale, na mwali mmoja unagawanyika kuwa nukta mia. Picha hiyo inapatikanaje? Kwa mbinu ya Gerchberg na Saxton ya mwaka 1972: unabahatisha picha, unaipeleka upande wa pili kwa kigeuzi cha Fourier, unalazimisha ukali wa mwanga uwe unavyotaka, unairudisha, unalazimisha tena, unarudia mara hamsini. Nimeiandika kwa Python, mistari kama 40 pamoja na maoni. Kwenye kipakatalishi changu kilichochoka inachukua sekunde chache. Nimechora nukta zikiwa katika umbo la herufi M, kwa ajili ya Meru, kwa sababu hakuna aliyenizuia.

Halafu kuna tatizo tamu zaidi. Ukifungua vibano mia juu ya wingu la atomi, karibu nusu vinabaki vitupu. Sababu ni kwamba atomi mbili zikiingia kibano kimoja, mwanga unazigonganisha na zote mbili hutoka, kwa hiyo unabaki na moja au bila. Unapiga picha, unaona ni wapi pamejaa, kisha lazima upange upya ili upate safu isiyo na mapengo, na ufanye hivyo haraka, kabla atomi hazijapotea. Hilo ni tatizo la manamba wa stendi. Ana matatu sita zenye abiria nusu nusu, na anataka moja ijae sasa hivi iondoke, bila abiria kukanyagana mlangoni. Mwaka 2016 kikundi cha Paris na kikundi cha Harvard walichapisha masuluhisho yao pamoja, wakipanga atomi takriban 50 kila mmoja. Mwaka 2025 watu wa Caltech walichapisha safu ya atomi 6,100 za siziamu zilizoshikwa kwa vibano. Katikati ya namba hizo mbili kuna leza bora na lenzi bora, ndiyo, lakini pia kuna programu nyingi sana: kusoma picha, kupanga njia, kutuma mawimbi kwa wakati. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma algorithimu za kugawa kazi angeweza kushika kipande cha tatizo hili kesho asubuhi. Hakuna anayempa.

Sasa najua mtaniambia nini. Hoja ya kwanza: mkulima wa Tigania atafaidi nini? Watu wana shida ya maji, ndugu, na wewe unatuletea atomi.

Hoja hii ina sura ya huruma na ndiyo maana inaogopesha kuijibu. Lakini itazame. Maji ya chini ya ardhi yana uzito, na uzito hubadilisha nguvu ya uvutano iliyo juu yake, kidogo mno. Kipimo kinachodondosha atomi baridi na kuzisoma kwa leza kinaweza kuhisi mabadiliko ya namna hiyo, na hakihitaji kusahihishwa kila mara kama vipimo vya springi. Mwaka 2020 kipimo cha aina hii kiliwekwa kwenye volkano ya Etna, Italia, kifuatilie kinachosogea chini yake. Ndani yake kuna nini? Ile ile piramidi tupu na mwali mmoja. Sisi tuna Bonde la Ufa lote. Olkaria wamekuwa wakipima mabadiliko ya uvutano tangu miaka ya 1980, kwa sababu ukivuta mvuke lazima ujue ardhi inakujibu nini. Turkana mwaka 2013 ilitangazwa hazina kubwa ya maji huko Lotikipi, ikashangiliwa dunia nzima, kisha vipimo vya baadaye vikakuta maji ya chumvi. Sisemi mtego wa atomi ungeonja chumvi. Nasema nchi inayotegemea yaliyo chini ya ardhi yake kiasi hiki inapaswa kuwa na watu wake wanaojua vyombo vya kupimia kwa ndani, mpaka skrubu ya mwisho. Wanaosoma kitabu cha maelekezo cha muuzaji peke yake hawatoshi.

Na saa? Sekunde yenyewe imefafanuliwa tangu mwaka 1967 kwa mitetemo 9,192,631,770 ya siziamu. KEBS hutunza saa za kiatomi Nairobi na kuchangia kwenye saa ya dunia inayokokotolewa Ufaransa. Setilaiti za GPS zinazoelekeza bodaboda wako zina saa za rubidi na za siziamu, ingawa hizo si za atomi baridi. Za kizazi kipya, za atomi zilizonaswa ndani ya mawimbi ya mwanga yaliyosimama, ni kali mno kiasi kwamba zinahisi tofauti ya kimo cha sentimita moja, kwa sababu wakati huenda upesi kidogo ukipanda juu. Saa ikiwekwa kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199, itatangulia saa ya Mombasa kwa takriban nanosekunde 49 kila siku. Hiyo ni hesabu unayoweza kuifanya kwa kalamu. Mlima tunao. Saa hatuna.

Hoja ya pili ni ya vijana wenzangu, na hii ndiyo inayonikasirisha: "Kwa nini ujenge? Tumia wingu." Ni kweli, mnamo Novemba 2022 kampuni ya QuEra iliweka mashine yake ya atomi 256 za rubidi kwenye huduma ya Amazon, na mtu mwenye kadi ya benki angeweza kutuma kazi kutoka popote. Jambo zuri. Lakini nani kati yetu alijifunza kujenga seva kwa kukodisha seva? Wingu linakufundisha kuita API. Halikufundishi kwa nini leza inaruka masafa saa tisa alasiri jua likipiga bati. Anayejua jibu la hilo ndiye anayeajiriwa. Anayejua kuita API analipa bili.

Tena tumeshawahi kupita njia hii. M-Pesa tunayojivunia, iliyozinduliwa Machi 2007, ilitengenezwa Uingereza kwa niaba ya Vodafone, na mpaka mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Kwa miaka minane mtu akimtumia mamake shilingi 200 kutoka Nchiru kwenda Mikinduri, ujumbe ulipitia Ulaya. Tuliijaza sisi, tuliifanya iwe kubwa sisi, lakini funguo za chumba zilikuwa kwa wengine.

Na kabla ya hapo kuna ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Jina la Kiswahili kabisa! Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya kuchora anga ya miali ya eksirei peke yake, na ilikusanya orodha ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Mwanafunzi wa Kenya wa mwaka 1970 angeitazama ikipaa, apige makofi, arudi nyumbani. Nataka kujua tofauti kati ya huyo na sisi tunaopiga makofi mbele ya slaidi za kompyuta ya dhahabu.

Hoja ya tatu, stima inapotea. Ndiyo, inapotea. Chupa ya ombwe iliyozibwa vizuri haifi kwa sababu pampu ya ayoni imezimika dakika ishirini, na pampu yenyewe ndogo inakula umeme kidogo kuliko balbu. Betri moja ya sola inaimudu. Jenereta ikitikisa sakafu, isogezeni. Hili si jibu la kina kwa sababu halistahili jibu la kina.

Hoja ya nne ni pesa za serikali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Hatujawahi kuikaribia, makisio yanayotajwa ni chini ya asilimia 1. Tungoje basi? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko hapa Nchiru, kilipata hati yake mwaka huo huo wa 2013, na kwa jina lake tu kilishatangaza kinachotaka kuwa. Nairobi kuna watu wa leza na spektroskopia wa miaka mingi. Mtandao wa Kiafrika wa wanasayansi wa leza na atomi ulianzishwa Dakar mwaka 1991, Kituo cha Leza cha Afrika mwaka 2003 kikiwa na makao Pretoria, na Kigali kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki inayoshirikiana na ICTP ya Trieste tangu 2018. Watu wapo. Kinachokosekana ni meza moja yenye kawingu kamoja kanakong'aa, mahali ambapo mwanafunzi wa fizikia, wa kompyuta na wa umeme wanagombania skrubu moja.

Ninachokitaka basi kinaeleweka. Chuo kimoja, popote kati ya Meru na Embu, kitenge pesa za Probox moja na chumba kisicho na dirisha. Kisiite mradi huo "kituo cha umahiri". Kisialike mgeni wa heshima kukata utepe. Mwaka wa kwanza wote uishie kwenye kufunga leza moja kwenye rubidi, na ukifaulu hilo tayari umewazidi watu wengi wenye mabango. Wa pili, ombwe na koili. Wa tatu, kamera ya bei rahisi ya usalama iliyotolewa kichujio chake, imeelekezwa kwenye chupa, na skrini ndogo pembeni. Programu zote ziandikwe hapa na ziwe wazi, kwa sababu programu huria za kuendesha maabara za namna hii zipo tayari, ARTIQ kwa mfano, iliyoandikwa kwa ajili ya maabara za ayoni na ambayo hutumia lugha inayofanana na Python ninayoandika kila siku.

Upande wangu nitafanya ninachoweza. Wiki ijayo naweka msimbo wa hologramu hapa, pamoja na kiigizo cha tatizo la manamba chenye mapengo ya nasibu, mkavunje mtakavyo. Anayeweza kupanga safu ya 20 kwa 20 kwa hatua chache kuliko zangu (wastani wangu kwa sasa ni mbaya, sitaki kuutaja) anitumie. Fundi wa koili nimeshamuona. Aliniuliza swali moja tu: waya wa geji ngapi.